UZI: Tungefunga Mokowe na Manda mpaka chanjo ifike, Lamu ingeepuka korona?

#1 Mkanda_Mpana
Asalaam aleikum wadau. Nina dai, na nataka lipigwe kisawasawa.

Lamu mjini ni kisiwa. Kenya ilitangaza mgonjwa wa kwanza tarehe 13 Machi 2020. Wakati huo kisiwa kilikuwa na milango miwili ya maana: jeti (gati ya boti) ya Mokowe upande wa bara, na kiwanja cha ndege cha Manda, kisiwa jirani. Tungeifunga yote miwili, ikapita mizigo peke yake, tukakaa hivyo mpaka chanjo ifike, tusingezika mtu. New Zealand walijifungia tarehe 25 Machi, mwisho wa Aprili wakaanza kulegeza, wakaishi ndani ya uzio wao hadi chanjo. Sisi tukapewa kafyu ya usiku, kana kwamba kirusi ni popo.

Wenye kujua hesabu, vyombo na hospitali karibuni. Siasa ina mabaraza yake.

#2 Daka_la_Kati
Nimeketi karibu na mlango. Wenye hesabu tunawangoja.

#3 Gede_Magofu
Mbona Lamu mlifungwa? Kafyu ilianza tarehe 25 Machi na Pwani nzima ikatiwa kufuli.

#4 Karani_Mstaafu
@Gede_Magofu umechanganya mambo mawili. Kafyu *ilitangazwa* tarehe 25 na ikaanza Ijumaa tarehe 27, saa moja usiku hadi saa kumi na moja alfajiri, nchi nzima. Kufunga kaunti ni amri nyingine: Nairobi na viunga vyake tarehe 6 Aprili, kisha Kilifi, Kwale na Mombasa tarehe 8 Aprili saa moja usiku, Mandera baadaye mwezi huohuo. Lamu na Tana River hazikuwamo kabisa.

Ila basi la Lamu kwenda Mombasa hupita Malindi, na Malindi iko Kilifi. Basi likikoma Kilifi, abiria wa Lamu naye amekoma. Malori ya chakula yaliruhusiwa. Kilifi na Kwale zilifunguliwa tarehe 7 Juni, Mombasa ikangoja hadi 7 Julai.

#5 Gede_Magofu
Nimekosoleka, shukrani mzee wangu. Lakini ile njia ya Garsen, Hola, Garissa ilikuwa wazi, sivyo?

#6 Karani_Mstaafu
Ilikuwa wazi, ukawasili Garissa ukakaa Garissa. Ukitaka Nairobi unakuta nako kumefungwa.

#7 Hesabu_Baridi
Mleta mada, wazo si la kipumbavu. Tuliweke kwenye mizani.

Kisiwa hakili bila bara: unga, mchele, viazi, vitunguu, gesi ya kupikia, mafuta ya boti. Chukua, kwa mfano tu, watu 40 kwa siku wanaokutana ana kwa ana pale Mokowe: madereva, turniboi, mahamali, manahodha. Chukua pia kwamba huko watokako, mtu 1 katika 1,000 ana kirusi siku hiyo bila kujijua. Kwa siku 30 umepata makutano 1,200. Wagonjwa unaowatarajia ni 1.2, na uwezekano kwamba angalau mmoja amepenya ni asilimia 70. Peleka hesabu hiyo miezi mitatu, unafika asilimia 97. Wewe ulitaka mwaka mzima.

Akishapenya mmoja, kirusi cha mwanzo kiliambukiza wastani wa watu wawili na nusu kila siku tano au sita: 1, 2.5, 6, 16, 39, 98. Ukijumlisha, ndani ya mwezi ni kama watu 160, na sehemu kubwa hawajakohoa hata mara moja. New Zealand mzigo wao mkubwa unashuka ndani ya makasha kwa kreni. Mokowe gunia hutoka bega hadi bega.

#8 Mwana_Kizingitini
Nduzangu, milango miwili? Huyu hajapata kutoka muyini.

Shela kuna mahali pa kushukia, Matondoni kuko, Kipungani kuko, Manda Maweni kuko. Kisha nenda Pate yote: Mtangawanda, Siyu, Faza, Kizingitini. Ongeza Ndau, Kiwayuu, hadi Kiunga. Mashua ya samaki hutoka huku ikaenda Amu, yaani Lamu mjini, kutafuta barafu na mafuta, ikarudi. Ukifunga Mokowe mtu hushukia Matondoni akatembea kwa miguu hadi mtaa wa Langoni. Ndia ya mayi haina kizuizi cha misumari.

Na hiyo kafyu ya saa moja, aliyeipanga hakuuliza mvuvi. Mayi kila siku hujaa kwa kuchelewa dakika 50 hivi kuliko jana yake. Leo yakijaa saa kumi jioni, baada ya siku nne yatajaa saa moja na dakika ishirini usiku. Pahali ambapo chombo hakiingii ila kwa mayi makuu, mvuvi siku hiyo ana mambo mawili: angoje nje ya mwamba aingie usiku akamatwe, au arudi mapema nyavu ziwe tupu. Ndaa nayo haikupewa kafyu.

#9 Mpenda_Bajia
"Kana kwamba kirusi ni popo", na kweli walisema kimetoka kwa popo 😂 Mleta mada umejifunga mwenyewe.

#10 Mkanda_Mpana
😂 Hiyo imenipata. @Mwana_Kizingitini Matondoni nakubali, nilipasahau. Lakini basi kafyu ilikuwa na kazi gani? Mchana watu wamebanana Mkunguni, usiku wamelala.

#11 Wadi_ya_Tatu
Mnagombania mlango bila kuuliza kwa nini watu hufungiwa. Hakuna aliyetarajia kirusi kife kwa kafyu. Kusudi lilikuwa wagonjwa mahututi wasifike wote wiki moja. Kafyu huondoa harusi za usiku, vilabu, mikeka ya gahawa na maulidi ya mitaani, yaani mikusanyiko ambayo mtu hukaa saa tatu au nne karibu na mwenzake. Inasaidia kidogo, haisaidii sana. Na matokeo hayaonekani kabla ya wiki mbili, kwa sababu dalili hutokea wastani wa siku ya tano na kulemewa huja baadaye. Anayefunga leo akafungua Jumatano ijayo eti "haikufanya kazi" hajapima chochote.

Sasa oksijeni. Mtungi mkubwa una lita 6,800. Mgonjwa anayetaka lita 10 kwa dakika anaumaliza kwa saa 11 na dakika 20. Wagonjwa watano wa aina hiyo ni karibu mitungi 11 kwa siku. Kila mtungi ni lori hadi Mokowe, boti, kisha mkokoteni hadi wadini, na mitupu irudi njia hiyohiyo kujazwa. Mambo yanayoharibika njiani:

– Mtungi ulazwe botini na kufungwa kamba, kofia ya vali ikiwa juu yake. Vali ikivunjika mtungi unaruka kama kombora.
– Mikono ya baharia yenye grisi isiguse vali wala uzi wa kuingizia rigyuleta. Oksijeni yenye shinikizo ikikutana na grisi huwaka.
– Geji isomwe kabla ya mtungi kutoka bara. Mtungi uliovuja njiani hupungua uzito kidogo tu begani mwa hamali, hatambui kitu.

Kuna mashine za kuchuja oksijeni hewani, za lita 5 na za lita 10 kwa dakika. Nzuri, lakini zinataka umeme usiokatika, na hewa yetu ya chumvi na vumbi huziba sponji ya nyuma. Ioshwe kila wiki kwa maji na sabuni, ikauke kabisa ndipo irudishwe. Taa ya onyo ikiwaka maana yake oksijeni inayotoka imeshuka chini ya asilimia 82, hata kama upepo unasikika puani. Wengi hudanganywa na ule upepo.

Kwa hiyo swali langu kwa mleta mada: miezi uliyoipata kwa kufunga ungeinunulia nini? Kama si mitungi, ni kuahirisha tu.

#12 Daka_la_Kati
Nakazia #11. Hapa ndipo uzi ulipoanza.

#13 Friji_ya_Buluu
Nami nashika maneno ya mleta mada: "mpaka chanjo ifike". Ifike wapi, Nairobi au Kiunga? Na imfikie nani?

Shehena ya kwanza, dozi milioni 1.02 za AstraZeneca kupitia COVAX, mpango wa kimataifa wa kugawana chanjo, ilitua Nairobi usiku wa kuamkia tarehe 3 Machi 2021. Sindano za kwanza tarehe 5. Foleni ya mbele ilikuwa wahudumu wa afya, walimu na polisi. Wenye miaka 58 na zaidi wakasogezwa mbele mwisho wa Machi. Mwezi huohuo India ikabana chanjo za kuuza nje, kwa hiyo nafasi kati ya dozi ikasukumwa kutoka wiki 8 hadi 12. Denmark walikuwa wameacha kutumia AstraZeneca mwezi Aprili, wakatupatia dozi 358,700 mwezi Juni. Moderna za Marekani zikaja Agosti. Nesi angefunguliwa Machi. Kijana wa miaka 25 ungemfungia miezi mingapi zaidi?

Tena kufika Mokowe si kufika mkononi. AstraZeneca inataka nyuzi 2 hadi 8, na isigande. Wengi huogopa joto wakasahau kwamba barafu huiua chanjo hii vilevile. Kupeleka Faza au Kiunga kwa boti:

Toa pakiti nne za barafu kwenye friza, zipange mezani. Usizitie kwenye kasha zikiwa ngumu kama mawe. Ngoja mpaka ukizitikisa unasikia maji ndani. Kwa joto letu ni nusu saa hadi saa moja. Zifute. Panga pande nne za kasha, chupa katikati na kipimajoto kando yake, sponji juu, funga. Kasha likae kivulini chini ya tanga, si juu ya injini. Chupa moja ni dozi 10, kila dozi nusu mililita. Ukishaitoboa una saa 6, zikipita unamwaga. Chupa uliyoifungua hukaa kwenye tundu la sponji, hairudi chini pamoja na zile nzima.

Hapo ndipo penye mtego: kijiji wamekuja watu sita. Ufungue umwage nne, au uwarudishe watu waliotembea juani? Maelekezo ya vitabuni ni kukusanya majina jana yake. Lakini kusi la Julai likivuma boti haitoki, na majina yako kumi yamekwenda pwezani.

#14 Mpenda_Bajia
Kumbe chupa ni kama matatu, haiondoki mpaka ijae.

#15 Gede_Magofu
Matatu ya viti 14 wakati ule ilipewa abiria 8. Chanjo ilikuwa na utingo mkali kuliko wa Malindi.

#16 Mchanga_wa_Watamu
Nije upande wetu, maana Malindi ilionja kile mleta mada anachokitamani: mipaka imefungwa miezi miwili kasoro siku moja.

Watu husema "lokdauni iliua utalii Malindi". Tazameni tarehe. Italia ilifunga nchi nzima tarehe 10 Machi 2020, Kenya ikiwa bado haina mgonjwa. Malindi na Watamu wageni wake wakubwa ni Waitaliano. Ndege za kimataifa zikasimama 25 Machi. Kilifi ikafungwa wiki mbili baada ya hapo, ndani ya Aprili, mwezi ambao hoteli nyingi hufunga zenyewe kwa masika. Ilipofunguliwa tarehe 7 Juni hakuja mgeni, kwa kuwa ndege za ndani zilirudi 15 Julai na za nje 1 Agosti. Kwa hiyo hasara ilikuwapo, ila ukiitia yote kwenye kapu la amri ya kaunti unadanganya hesabu.

Amri iliuma kwingine: samaki wa hoteli hakuwa na mnunuzi, na wa Mombasa hakuwa na basi la kumpeleka. Samaki asiye na barafu ana saa chache. Lori la mizigo liliruhusiwa, lakini mvuvi mwenye kilo 15 hakodi lori. Wakati wa kawaida angezitia kwenye buti la matatu.

Na nafuu alizotoa Uhuru, rais wa wakati ule, hazikumkuta. VAT ilishuka kutoka 16 hadi 14. Mwenye mshahara usiozidi 24,000 akasamehewa kodi yote. Bichiboi, kijana wa kazi za watalii ufukweni, hana hati ya mshahara. Kilichomgusa kweli ni kutuma M-Pesa hadi shilingi 1,000 bila ada, maana mia tano tano za ndugu ndizo zilizopika.

#17 Karani_Mstaafu
Nyongeza ndogo kwa #16: VAT ilirudi 16 tarehe 1 Januari 2021. Chanjo ilikuwa bado miezi miwili. Ukitaka kufunga mpaka chanjo, hazina nayo iwe na pumzi ya kufika huko, na haikuwa nayo.

#18 Kisiwa_Jirani
Mleta mada amekwenda mbali hadi New Zealand, akaruka Shelisheli, jirani yetu wa bahari moja. Watu wakati ule hawakufika hata laki moja. Walianza kuchanja Januari 2021 kwa Sinopharm na AstraZeneca ya India. Machi wakawafungulia watalii. Mei, zaidi ya asilimia 60 ya watu wakiwa wamemaliza dozi mbili, maambukizi yakapanda hadi shule zikafungwa tena. Kisiwa, chanjo, na bado.

#19 Mkanda_Mpana
Shelisheli walifungua mapema. Hilo si kosa la uzio.

#20 Friji_ya_Buluu
Au ni Sinopharm: ilikinga watu wasilemewe, lakini haikuzuia sana kuambukizana.

#21 Hesabu_Baridi
Au ni hesabu tu. Kiwango cha watu wenye kinga kinachohitajika ni 1 toa 1 gawanya kwa idadi anayoambukiza mmoja. Kwa 2.5 ni asilimia 60. Kwa Delta, aina ya kirusi iliyoambukiza zaidi, tuseme 5, ni asilimia 80. Na chanjo ikizuia uambukizaji kwa asilimia 70 tu, gawanya 80 kwa 70: unapaswa kuchanja asilimia 114 ya watu. Lamu hilo linawezekana, tutachanja na punda.

#22 Mwana_Kizingitini
Punda wa Amu hakai foleni, hesabu hiyo nayo ina tundu.

#23 Wadi_ya_Tatu
Kwa wanaosoma haraka: #21 anazungumzia kukatisha maambukizi. Kuzuia vifo ni jambo jingine, na huko chanjo zilifanya vizuri zaidi hata kwa watu wachache, ukianza na wazee. Msitoke hapa mkasema chanjo ilikuwa bure.

#24 Daka_la_Kati
Swali la pembeni. Kama kufunga hakukufaa na chanjo ilichelewa, mbona Lamu hatukuona yale tuliyoyaona kwenye runinga? Mji wetu vichochoro vyake ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Mita moja na nusu ya wizara ungeipata wapi?

#25 Gede_Magofu
Vijana. Zaidi ya nusu ya Wakenya wako chini ya miaka 25. Ugonjwa huu unatafuta wazee.

#26 Mkanda_Mpana
Upepo na baraza. Watu wa Amu wanakaa nje. Hakuna anayejifungia na viyoyozi kama Milan.

#27 Wadi_ya_Tatu
Nyumba ya mawe ya Amu ina ukuta mnene na madirisha haba, bwana. Bibi yuko ndani, si barazani. Mimi naona hatukupima. Kijiti cha puani kinatakiwa kikae nyuzi 2 hadi 8 na kifike maabara ndani ya saa 72, na maabara ya kaunti za Pwani ilikuwa KEMRI Kilifi, ya taasisi ya utafiti wa tiba. Toa siku ya boti, siku ya kungoja gari, siku ya foleni. Sampuli iliyochelewa inaweza kusema "hana" kwa mtu aliye nacho. Tena aliyeambukizwa jana, kipimo cha leo hakimwoni hata kikifika mbio.

#28 Karani_Mstaafu
Inamuunga mkono #27: watafiti wa KEMRI-Wellcome walipima damu za wachangiaji zaidi ya 3,000 nchini kati ya mwisho wa Aprili na katikati ya Juni 2020. Waliokuwa na alama za kuambukizwa zamani kwenye damu walikadiriwa asilimia 4.3, ilhali walioorodheshwa rasmi nchi nzima walikuwa elfu chache. Kirusi kilikuwa kimepita mbele ya vipimo.

#29 Mchanga_wa_Watamu
Hiyo inaweza kusomwa kinyume vilevile. Asilimia 4.3 miezi mitatu baada ya mgonjwa wa kwanza ni ndogo. Huenda kufungwa kwa Nairobi na Mombasa ndiko kulikoipa Lamu muda. Nyinyi mlikingwa na njaa ya Malindi.

#30 Gede_Magofu
Mambo yamewaka. Mtu wa Malindi anadai fidia.

#31 Mkanda_Mpana
Nimewasikia. Nabadilisha dai. Sifungi, nabadilishana. Lori lishushe mzigo upande mmoja wa jeti, dereva abaki kabinini. Mahamali wawe makundi mawili ya watu 40. Kundi moja lilale Mokowe siku 14 likifanya kazi, kisha likae siku 14 kando kabla ya kurudi nyumbani, lingine lichukue zamu. Tulipe wote 80, wa kazini na wa kungoja, kwa kiwango cha Kazi Mtaani, ule mradi wa serikali wa vibarua vya vijana wakati wa korona, shilingi 455 kwa siku. Ni 36,400 kwa siku, milioni 13 na laki tatu hivi kwa mwaka. Kaunti isingeshindwa.

#32 Hesabu_Baridi
Hesabu ya fedha iko sawa. Umesahau chakula, malazi, kwamba makundi mawili yakipokezana siku 14 kwa 14 hakuna atakayefika nyumbani, na kwamba hamali wa Mokowe siku nzuri anapata zaidi ya 455. Wiki ya tatu atashukia Matondoni usiku kumuona mwanawe. Hata hivyo tundu limepungua, hilo nakupa.

#33 Mwana_Kizingitini
Na Pate umeiwacha nje ya mpango tena. Samaki mtamla wapi?

#34 Friji_ya_Buluu
Na kasha langu la chanjo lingepita kwa zamu ya nani? Saa 6 hazingoji siku 14.

#35 Karani_Mstaafu
Mimi naongeza mlango wa tatu. Bandari mpya ya Lamu, pale Kililana upande wa bara, ilipokea meli ya kwanza tarehe 20 Mei 2021. Vijana walikuwa hawajachanjwa na India bado imebana. Mkanda_Mpana, hiyo nayo ungeizuia na mahamali 40?

#36 Mkanda_Mpana
Mzee wangu, kwanza niende msikitini. Nikirudi naja na ramani, na Matondoni nitaianza.